Ng'ombe Aliyekaa Ndani ya Soksi

Theluji iliyoanguka Buffalo mwezi wa kumi na moja mwaka 2014 haikuwa theluji ya kuchezea. Iliziba milango, ikaziba na madirisha ya chini, watu wakawa wanatokea juu kama panya wa darini. Kuna mbwa aliyetembea mtaa mzima juu ya paa za magari bila kujua kwamba chini yake kuna magari. Anayebisha aende kuuliza kulekule. Na katikati ya balaa hiyo alionekana mjane mmoja, mzaliwa wa Walungu, akivuka barabara, anachimba njia kwa trei ya kuokea mikate. Huyo ndiye Nzigire.

Kazi yake ilikuwa kutunza wagonjwa majumbani mwao, na siku hiyo alikuwa anakwenda kwa Précieux, mtoto wa miaka mitano mwenye pumu. Précieux alikuwa na mashine ya kuvuta dawa, nayo mashine ilikuwa na barakoa ya kuvaa puani, na barakoa hiyo mtoto aliichukia kuliko pepo. Kila ilipoletwa, baba alishika miguu, mama akashika mikono, jirani akashika kichwa, na bado dawa ilimwagika ukutani.

Nzigire aliingia na barafu kwenye nyusi. Hakumsalimia mtoto. Alipiga magoti, akatambaa chini ya meza, akakaa huko kimya na kiuno chake chote.

Mtoto akainama kuchungulia. "Uko nafanya nini uko chini?"

"Miye ni mbuzi. Niko najificha mvua."

"Mbuzi haisemagi."

"Ya Walungu inasema."

Précieux akafikiri. Halafu akaingia chini ya meza, akamsukuma kwa bega. "Miye ndiye mbuzi," akasema. "Weye ukuwe mvua."

Basi Nzigire akawa mvua. Akagongagonga ubao wa meza kwa vidole, taratibu, kisha kwa nguvu, kisha taratibu tena, na mbuzi akavaa barakoa yake kwa sababu mvua ilikuwa inaingia puani. Dawa ikaisha yote. Baba yake mtoto alisimama jikoni na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Hivyo ndivyo Nzigire alivyokuwa. Shule aliiacha mapema, vyeti vyake vyote ni vile vya mafunzo mafupi ya kuosha wagonjwa na kuwageuza kitandani. Lakini alikuwa na kipaji cha kutoingia kwa mtu kwa mlango uleule alioingilia kwa mwingine.

Baridi ilipomchosha akahamia Columbus. Huko, kwenye kitongoji cha Hilliard, walimpa msichana wa miaka kumi na mitano, Gentille, mwenye kisukari cha kuchomwa sindano. Mama mtu alimuuliza mezani, macho kwa macho: umechoma? Gentille alijibu kwa Kiingereza kwamba amechoma, na sukari ikapanda mpaka ikakaribia kugonga dari. Nzigire hakuuliza kitu. Alimwambia tu kwamba yeye ndiye atakayekuwa anamrudisha kutoka shule.

"Usiniangalie," Gentille alisema siku ya kwanza ndani ya gari.

"Nikuangalie namna gani? Niko naangalia barabara."

"Na usinishauri. Weye ukuwe chauffeur tu."

"Bon. Chauffeur."

Akawa dereva kweli. Alipita njia ndefu, akavuka mashamba ya mahindi, siku nyingine akaonekana karibu aingie jimbo lingine, na msichana akawa anazungumza na kioo cha mbele: kwamba anajificha chooni kuchoma, kwamba wenzake wanacheka, kwamba siku nyingine hachomi kabisa. Dereva aliitikia "ee" na "pole" na kuwasha taa za kukata kona. Baada ya muda Gentille akaanza kuchomea garini, mbele ya dereva asiyemwangalia, na sukari ikashuka ikakaa chini kama watu wenye adabu.

Hukohuko Columbus ndiko alikookota kosa lake. Kulikuwa na mzee mmoja, Mushi mwenzake, yaani mtu wa kabila lake, aliyegoma kunyolewa. Nzigire akamwita "baba mukwe", kwa utani wa kwao. Mzee akacheka mpaka meno ya bandia yakaruka, yakatua kwenye bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, na akanyolewa huku bado anacheka. Nzigire akaliweka neno hilo mfukoni kama ufunguo. Akaamini ameshapata ufunguo wa wazee wote.

Mwaka 2016 alihamia Louisville kumfuata binti yake aliyekuwa amejifungua. Akapata kazi mtaa wa South End, katika nyumba ya Kagabo. Kagabo alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala moja Jeffersontown. Aliondoka nyumbani jua halijatoka, akarudi mgongo umepinda kama jembe. Mke wake aliitwa Uwineza. Na mgonjwa alikuwa baba yake Kagabo, Mzee Nyarugabo, aliyetoka kwenye milima ya juu ya Minembwe. Kwa maelezo yake mwenyewe, ng'ombe wake walipokwenda kunywa maji mto ulikauka mpaka jioni, na mmoja wao, Bihogo, alikuwa anainamisha kichwa mchungaji wa kanisa akianza kuomba.

Mzee alikuwa na kisukari cha uzeeni, na chini ya mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda. Daktari wa hospitali alisema waziwazi, na mkalimani wa simu akatafsiri waziwazi: kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku. Kikifika kwenye mfupa, mguu utakatwa chini ya goti. Nesi angekuja kila Jumatatu. Siku nyingine zote ni za Nzigire. Nesi alishamwonyesha namna ya kuosha na kufunga.

Kwa nini asifanye Uwineza, mtu wa nyumbani? Hapo ndipo penye mila yao. Kwao mkamwana, mke wa mwana, hamgusi baba mkwe, hamtazami akiwa hana viatu, na hata jina lake halitaji. Uwineza alikuwa amelishika jambo hilo vizuri kiasi kwamba kwenye dirisha la dawa, mhudumu alipomuuliza jina la mgonjwa, alisema "yule wa nyumbani." Mhudumu akauliza tena. Uwineza akasema "yule mwenye watoto wake." Foleni ikafika barabarani. Mwisho akamwita mtu asiyemjua aliyekuwa nyuma yake, akamwonyesha kitambulisho cha mzee, akamwomba alisome jina. Dawa zikatoka. Kuanzia hapo wahudumu wakimwona tu akiingia wanatoa mfuko bila kuuliza.

Nzigire aliambiwa yote haya na Uwineza jikoni, akacheka, akajifuta machozi, halafu akaingia kwa mzee na kufanya kosa ambalo mtu wa nje asingeweza kulifanya. Alitoa ule ufunguo wake wa Columbus: aliinama, akashika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili, akasema kwa sauti tamu:

"Jambo, baba mukwe. Miye mukamwana yako, nimekuya kukutunza."

Mzee hakucheka. Alivuta miguu chini ya kiti. Akaomba blanketi, akajifunika mpaka kiunoni. Halafu akamuuliza habari za wazazi wake, wa ukoo gani, wa mlima gani, kwa upole mkubwa kabisa, kama anayepokea wageni wa posa.

"Sasa tuoshe muguu," Nzigire akasema.

"Muguu iko muzuri," mzee akasema. "Pumzika, mwanangu. Uwineza, letea mwenzako chai."

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Keshokutwa, simu ya Nzigire ikalia, namba ya Buffalo.

"Mama, samahani," sauti ya mwanamume mzima ikasema. "Ni weye Nzigire? Miye ni Donati, mutoto wa Muzee Nyarugabo. Nasikia tunaoana."

Nzigire akakaa kwenye ngazi. "Na miye ndiyo naanza kusikia."

"Baba ananipigia kila asubui. Anasema nimefanya akili, nimepata bibi mwenye adabu, anakuyaga kumusalimia mbele ya mahari. Ananiuliza niko na ng'ombe ngapi. Mama, miye niko na Toyota."

"Inatembea?"

"Ikipashwa moto."

"Basi umwambie hapana, papa. Umwambie hunijui."

Donati akamwambia. Ingekuwa afadhali angenyamaza. Mzee Nyarugabo alikata simu, akatafakari mpaka chai ikapoa. Hapana mwanamke mwenye akili zake anayemwita mzee wa watu baba mkwe bila sababu. Kama si Donati, basi ni nani? Jioni akawa anamtazama Kagabo kwa jicho la pembeni na kutikisa kichwa. Uwineza akaliona jicho hilo, akalifuata linakokwenda, na kwa wiki nzima Nzigire akawa anapewa chai isiyo na sukari.

Utani wote huo ungekuwa mtamu kama si ile soksi. Ilikuwa soksi ya sufu, ya kijivu, na kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu haikutoka mguuni. Nesi akija, mzee alimruhusu, kwa kuwa yule ni mganga wa watu, mgeni, hana ukoo wa kumfunga. Akiondoka, soksi inarudi. Wakala wa kazi alileta kijana wa kiume badala ya Nzigire. Mzee akampa kiti, akampa kahawa, akamwombea baraka, na kijana akaondoka na baraka zake. Harufu ikaanza kutembea ndani ya nyumba. Jumatatu moja nesi alifungua, akapiga picha ya kidonda, akaituma hospitali. Jibu likaja: aletwe mwisho wa mwezi, ndipo wataamua juu ya mguu.

Jumapili iliyofuata Kagabo, aliyekuwa hajalala vizuri, alipiga magoti mbele ya baba yake na kuushika mguu kwa nguvu.

"Baba, leo itatoka."

"Uniachie."

"Watakukata, baba. Unasikia? Watakukata kama muti."

"Nilikufunga nepi miye," mzee akasema. "Sasa unataka kunifunga nepi. Uniachie, Kagabo."

Kagabo akaachia. Akatoka nje, akakaa ndani ya gari lililozimwa. Mzee akageukia ukuta. Nzigire, aliyekuja kuwaletea ndizi tu, alisimama mlangoni na ndizi zake.

Siku hiyo hakula. Alijiuliza alichokosea, na hakujiuliza kwa upole. Précieux hakuambiwa kwamba Nzigire ni mvua; Précieux ndiye aliyesema. Gentille hakuletewa dereva, alimteua mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano amechagua, msichana wa miaka kumi na mitano amechagua, na mzee aliyezika mke na kuvuka mipaka na kuongoza kundi la ng'ombe ndiye pekee aliyepangiwa na mtu mwingine, kwa neno lililookotwa Columbus. Tena neno la kumfunga mikono.

Jumatatu hakwenda, aliiacha iwe siku ya nesi; Jumanne ndipo alipokwenda. Akaingia, hakuinama, hakushika mkono. Alikaa kwenye kigoda mbali kidogo.

"Muzee," akasema, "nilikuita baba mukwe. Nilikuwa nafanya muchezo ya kwetu. Kwenu haiko muchezo. Nimekosa. Siko bibi ya Donati, siko bibi ya Kagabo, na Uwineza amenipunguzia sukari bure."

 Mdomo wa mzee ukamcheza kidogo pembeni, ukatulia.

"Neno ikishatoka inarudia wapi?" akauliza.

"Sijue. Donc nimekuya kukuuliza weye. Unataka nikuwe nani?"

Mzee akalivuta blanketi. Nzigire akangoja. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kujaza kila kimya kwa maneno, lakini hiki alikiacha kikae. Friji ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Uwineza alipita mara mbili bila sababu yoyote inayojulikana.

"Unajua ng'ombe?" mzee akauliza mwishowe.

"Ninajua kukamua."

"Kila mutu anajua kukamua. Ng'ombe ikiumia kwato, unafanya nini?"

"Sijue, muzee."

"Aa." Akajiegemeza. Kwa mara ya kwanza blanketi likamteleza magotini asilivute. "Basi ukuwe mwanafunzi wa kuchunga. Nitakufundisha. Lakini uko mukubwa, kichwa itakuwa ngumu."

"Itakuwa ngumu," Nzigire akakubali.

"Unaanza wapi?"

Nzigire akanyoosha kidole kuelekea mguuni.

"Umekwisha kupigwa teke," mzee akasema. "Umelala kule, meno yako iko majanini. Ng'ombe haishikwe muguu. Unaanza apa." Akagusa bega lake mwenyewe. "Unamwambia jina. Unamuuliza alilala namna gani. Unamukwaruza chini ya shingo. Kiisha mukono inashuka pole, mugongo, paja, yeye anajua unakwenda wapi. Yeye mwenyewe ndiye atanyanyua kwato. Asiponyanyua, hukufika."

"Anaitwa nani?"

"Bihogo," mzee akasema, kama vile jambo hilo lingeweza kuulizwa na mjinga tu.

Nzigire akasimama, akaja pembeni, si mbele wala nyuma. Akaweka kiganja begani. Bega lilikuwa jembamba kuliko alivyodhani. "Bihogo," akasema, "ulilala namna gani?"

"Vibaya," mzee akajibu. "Anasikia arufu ya miguu yake mwenyewe."

"Pole, Bihogo." Mkono ukashuka, mgongoni, ubavuni, kwenye goti. Pale ukasimama. Mzee alikuwa ametazama dirishani, kule ambako mtu anayetazama mbali anaona milima hata kama kuna ukuta wa duka la matairi. Kisha mguu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kidogo kutoka sakafuni.

Soksi ikatoka. Beseni likaletwa, maji ya vuguvugu, pamba, bandeji. Ilikuwa kazi mbaya kuitazama, na Nzigire hakusema kwamba si mbaya.

"Iko namna gani, mwanafunzi?"

"Iko mubaya, muzee. Kidole kidogo imekuwa nyeusi. Lakini apa chini ya katikati niko naona nyama nyekundu."

"Nyekundu ni muzuri."

"Nyekundu ni muzuri sana."

Akamwambia hivyo kila siku, kizuri na kibaya, bila kupunguza, kama mwanafunzi anavyopaswa kumpa habari mwenye ng'ombe. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na aliyesema "mguu" nyumbani. Uwineza, ambaye asingeweza kuuliza habari za mwili wa baba mkwe hata kwa mtutu wa bunduki, sasa aliuliza jikoni kwa sauti ya wazi kabisa, "Na Bihogo?" Nzigire akamjibu, naye akaifikisha habari kwa Kagabo ghalani wakati wa mapumziko. Kagabo aliwaambia wafanyakazi wenzake kwamba nyumbani wana ng'ombe anayeumwa. Mmoja aliuliza sheria za jiji zinaruhusu? Kagabo akasema huyu ni wa ndani, halii sana.

Yako mengine yanayosemwa South End: kwamba mzee aliagiza chumvi ya mawe kwa ajili ya Bihogo, kwamba Jumapili mguu uliinama wenyewe mchungaji alipoanza kuomba. Yote yanaweza kuwa kweli. Lililo kweli kabisa ni kwamba nesi, Jumatatu iliyofuata, alifungua bandeji safi. Akauliza kupitia simu ya mkalimani wamefanya nini. Nzigire akamweleza yote, bega na jina na kuteremsha mkono. Nesi, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la farasi hukohuko Kentucky, alicheka, akasema hata wao ndivyo wanavyomkaribia farasi. Akaenda upande wa kushoto wa mzee na kuweka kiganja mahali panapostahili. Mzee akampa alama ya kuridhika kwa kufumba macho.

Mwisho wa mwezi ukafika. Hospitali, nesi wa Jumatatu naye akiwepo, daktari alikuwa kijana, mnyoofu, asiye na haraka. Aligeuza mguu kwenye mwanga, akabonyeza, akatazama picha za ndani. Halafu akavuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mzee. Mkalimani wa simu alikuwa mtu wa Burundi mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Daktari anasema kidonda hakijafika mfupani, mzee. Mguu unabaki. Lakini kidole kidogo kimekufa, hakina damu. Kikiachwa kitaharibu vingine. Anaomba ruhusa yako akiondoe."

Kagabo, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alifungua mdomo. Nzigire akamkanyaga taratibu.

Mzee Nyarugabo hakumtazama daktari wala mwanawe. Alimtazama Nzigire. "Mwanafunzi, unaona namna gani? Usinidanganye."

Kumdanganya mzee ndiyo heshima tuliyozoea. Tunampa maneno laini, tunamwambia itapona tu. Nzigire alihisi maneno hayo yote yamejipanga ulimini, laini na tayari. Akayameza.

"Kidole iende, muzee," akasema. "Nimeiosha kila siku, nimeizungumuzia, haijibu. Bihogo atatembea na kwato aliyobakia nayo."

 Mzee akamwomba mkalimani amuulize daktari kama ataanzia begani. Mkalimani akatafsiri, kwa uaminifu wote. Daktari akamtazama nesi, nesi akaitikia kwa kichwa. Daktari akainuka, akaweka mkono begani kwa mzee.

"Akate," Nyarugabo akasema.

Kidole kiliondolewa asubuhi iliyofuata. Baada ya hapo wakamleta mhudumu wa mazoezi na chombo cha kutembelea chenye miguu minne. Mzee alikizunguka kwa macho, akakikabidhi kwa Kagabo akibebe. Akasimama. Akayumba. Nzigire alinyoosha mikono, akairudisha, kwa kuwa hakuitwa.

"Mwanafunzi, ukae nyuma," mzee akasema. "Na usisukume."

"Sisukumi."

"Niko nakusikia unasukuma na moyo."

Nzigire akakaa nyuma. Korido ilikuwa ndefu na inang'aa. Mzee Nyarugabo akaweka mguu wa kushoto mbele, akausikiliza, akaweka wa kulia. Kagabo alitembea ukutani na chombo chake mikononi kama mtu aliyebeba kiti cha mwingine kanisani, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Wagonjwa wawili wenye machela walisimamishwa wapishe. Mzee akafika dirisha la mwisho, akashika kingo, akageuka kuwatazama waliobaki nyuma, akapiga mluzi mmoja mfupi wa kuita kundi.